Naomba ushauri: kibao cha zamani barabarani kinaondolewa na nani?

Habari zenu wakuu. Niko Moshi. Mtaa wetu unapoingia barabara kuu ya Arusha kuna kibao cha zamani cha mwendo 30, rangi imeshapauka. Hatua chache mbele kimesimikwa kipya cha 50, ila cha zamani hakikung'olewa. Wageni wanafunga breki ghafla, bodaboda walio nyuma wanaponea chupuchupu.

Mwenyekiti wa mtaa nimemwambia, anasema hilo liko juu ya uwezo wake. Kijana mmoja alitaka kukikata akauze chuma chakavu, tukamzuia!

Barabara kuu ni ya TANROADS, za mitaa ni TARURA, na hiki kiko konani kabisa. Barua niipeleke wapi? Na trafiki akinisimamisha hapo, kibao kipi kinahesabika?