Mama Samia anaapishwa, ulikuwa wapi?

Mie fundi cherehani. Ijumaa ile, tarehe 19 Machi 2021, nilikuwa kibandani kwangu Mbagala. Nikaiacha kazi, nikakimbilia duka la jirani lenye televisheni. Nilipomwona na ule ushungi mwekundu, kashika Msahafu mbele ya Jaji Mkuu, machozi yakanitoka, wala sijui nilikuwa namlilia Magufuli, siku mbili tu tangu aondoke, au huyu mwanamke mwenzangu. Narudi, pasi imeunguza gauni la mteja! Nyie mlijisikiaje?

— Pole na gauni, dada. Mie ule ukimya ndio ulinimaliza. Mtu anaapa, na wewe hujui umpe hongera au pole.

— Huku Unguja vigelegele vilipigwa, ila vya chumbani. Bibi kasema, "Mtoto wa Kizimkazi huyo!" kisha akaturudisha kwenye mchele, tumalize kuchambua.

— Mwanangu alihesabu mizinga, kapata 21. Mie nilipata 19. Hadi leo tunabishana.

— Mimi tena, mwenye swali. Mwanao yuko sahihi, ni 21. Gauni nililipa.