Mzee kaambiwa ana mesothelioma: tuuze shamba la zabibu akapasuliwe India?

Zabibu_Chungu
Mbukwenyi wakuu. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Baba yangu ana miaka 74. Alikuwa fundi wa reli. Alianzia karakana ya Tabora miaka ya sabini, vichwa vya mvuke vikiwa bado vinapiga kazi, baadaye akapelekwa Morogoro. Alipostaafu akarudi kwetu Mpunguzi kulima zabibu. Sigara hajawahi kuvuta.

Mwaka jana akaanza kubanwa kifua upande wa kulia na kuhema hata akivaa viatu. Hospitali moja wakasema ni TB. Makohozi hayakuonyesha kitu, wakamwanzishia dawa hivyo hivyo. Kamaliza dozi, maji yakajaa tena kifuani. Tukaenda Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma, akapigwa CT scan, maji yakatolewa, kinyama kikachukuliwa kupimwa. Majibu yametoka wiki iliyopita: mesothelioma, yaani saratani ya utando wa mapafu.

Sasa nyumbani hakukaliki. Kaka yangu mkubwa yupo Dar, kapata wakala wa kupeleka wagonjwa India, anasema huko wanapasua na kuondoa utando wote. Gharama yake ni ekari mbili za zabibu, yaani karibu shamba lote. Mama hataki. Mzee mwenyewe kasema, "Mniuzie shamba nikafie Bombay?" halafu akaomba uji.

Naomba wenye uelewa mnisaidie. Operesheni inaponya huu ugonjwa? Hapa nchini tiba gani inapatikana? Na bima yake ni NHIF, nimemweka kama mtegemezi wangu.

Mwana_wa_Bihawana
Pole sana dada. Usiuze shamba kwa maneno ya wakala. Wakala analipwa mgonjwa akipanda ndege, akirudi au asirudi hayamhusu. Nimekaa pembeni nasubiri madaktari waje.

Daktari_Bila_Koti
Pole kwa mzee na kwa familia. Nijibu la operesheni kwanza maana ndilo lenye haraka ya pesa.

Mesothelioma haikai kama uvimbe mmoja unaoweza kuunyofoa. Inatambaa juu ya utando wote unaozunguka pafu, kama ukungu ukutani. Daktari wa upasuaji akikwangua kwa bidii zote, mabaki madogo hubaki. Ndiyo maana kwa miaka mingi madaktari wamebishana kama kupasua kunasaidia kweli. Uingereza wakaamua kupima. Utafiti wa MARS 2, matokeo yake yalichapishwa 2024, uliwachukua wagonjwa 335: nusu wakapewa dripu za kemo (dawa kali za saratani) pamoja na operesheni ya kuondoa utando, nusu kemo peke yake. Waliopasuliwa, nusu yao walikuwa hai hadi miezi 19.3. Wasiopasuliwa, miezi 24.8. Na waliopasuliwa ndio waliopata madhara makubwa zaidi.

Uangalie na hili: hao 335 walichaguliwa kwa sababu walikuwa na nguvu za kuhimili kisu na ugonjwa wao ulionekana unaondoleka. Mzee wako anahema akivaa viatu. Wapo madaktari bingwa wanaosema bado kuna wagonjwa wachache wanaofaa kupasuliwa, sitabishana nao, lakini mtu wa miaka 74 mwenye hali hiyo mimi nisingemuuzia hata mbuzi kwa ajili ya operesheni hiyo.

Swali lako jingine: kuponya kabisa, hapana. Hakuna tiba inayouondoa ugonjwa huu moja kwa moja, iwe India, Marekani au Dodoma. Zipo zinazourudisha nyuma, zinazoongeza miezi, na zinazomfanya alale usingizi. Hizo za mwisho watu wanazidharau sana.

Sasa tafuta karatasi ya majibu ya kinyama. Imeandika aina gani? Zipo tatu: epithelioidi, sarkomatoidi, na mchanganyiko wa hizo mbili. Usiridhike na neno "mesothelioma" peke yake, kwa sababu tiba na matarajio yanategemea hapo.

Dawa_ya_Mababu
Hizo kemo zinamaliza watu. Kuna mzizi nauchimba Kondoa, siku 21 maji kifuani yanakauka yote. Njoo inbox, malipo nusu kwanza.

Stesheni_Masta
@Dawa_ya_Mababu tulishapanga foleni Samunge kwa Babu wa Loliondo 2011, kikombe tukanywa, waliokuwa na saratani tukawazika. Tupishe.

Dada, mimi pia ni mtoto wa reli. Wazee wetu walikuwa wanazungushia mabwela (matangi ya mvuke) ya treni kitu cheupe kama pamba, kazi ya kukitoa na kukirudishia ilikuwa ya vijana. Ndiyo asbesto yenyewe, chanzo kikuu cha ugonjwa huu. Ilikuwepo hadi kwenye breki. Vumbi lake ukilivuta linakaa miaka 20, 30, hata 50 kabla ya kuonyesha makucha. Ndiyo maana wanaumwa sasa, wameshastaafu. Historia hiyo ya kazi mwandikieni kwenye faili lake, mwaka kwa mwaka, karakana kwa karakana. Daktari anayeijua hatakimbilia TB tena.

Kuhusu fidia: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi 2015, mzee alikuwa ameshastaafu. Kuuliza ulizeni, ila msipige hesabu ya tiba kwa hela hiyo.

Sista_wa_Zamu
Nimefanya kazi wodi ya saratani muda mrefu, niongezee ya kitandani.

Kinachomtesa mzee leo ni maji. Yakitolewa kwa sindano anapata nafuu, baada ya muda yanarudi, na kila kuchomwa ni karaha na ni mlango wa maambukizi. Kuna njia mbili za kuyadhibiti. Ya kwanza ni kuyakausha yote halafu kuweka unga wa talki kifuani ili pafu lishikane na ukuta wa kifua, maji yakose pa kukaa. Hii inataka pafu liweze kutanuka. Ya pili ni mpira mwembamba unaoachwa kifuani, mnafundishwa kumtoa maji nyumbani wenyewe. Muulize daktari wake ipi inawezekana hapo mlipo. Mzee akiweza kuhema, atakula. Akila, atahimili kemo. Huo ndio mpangilio, watu wanaanzia mwisho.

Maumivu: usikubali aambiwe "vumilia mzee". Morfini ya kunywa ipo, na watu wa tiba shufaa (tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa) ndio wanaoijua kuipima. Haimaanishi mmekata tamaa na haimfanyi teja. Akianza morfini apewe na dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo, la sivyo atakuja kulalamikia tumbo kuliko kifua. Kama kuna sehemu moja ya ubavu inauma kuliko zote, mionzi michache ya hapo inaweza kutuliza.

Zabibu_Chungu
Mungu awabariki. Nimeisoma karatasi, imeandikwa epithelioidi. Daktari wa Mkapa ametuandikia rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar. Kaka anasema Ocean Road ni kwenda kupewa panadol.

Daktari_Bila_Koti
Kaka yako apunguze hasira. Epithelioidi ndiyo yenye afadhali kati ya zile tatu, na ndiyo inayoitikia kemo vizuri zaidi.

Kemo inayotumika duniani kwa ugonjwa huu ni dawa mbili pamoja, sisplatini na pemetreksedi, dripu kila baada ya siku 21. Utafiti uliochapishwa 2003 ulionyesha waliopata zote mbili, nusu yao waliishi hadi miezi 12.1, waliopata sisplatini peke yake 9.3. Sisplatini inaumiza figo, kwa hiyo mzee wa umri huo mara nyingi hubadilishiwa kaboplatini. Muulize daktari kuhusu foliki asidi na sindano ya vitamini B12: zinatangulia kama wiki moja kabla ya dripu ya kwanza na zinaendelea muda wote. Utafiti ule ule ndio uliofundisha kuwa bila vitamini hizo pemetreksedi inakuwa sumu mbaya. Na dawa za maumivu kama ibuprofeni msimpe bila kuuliza, figo tena. Mizizi ya Kondoa ndiyo kabisa.

Ipo na tiba ya kuamsha kinga ya mwili, nivolumabu na ipilimumabu. Marekani waliiruhusu Oktoba 2020 baada ya utafiti wa watu 605: nusu yao walifika miezi 18.1 dhidi ya 14.1 ya kemo. Faida kubwa ilionekana kwa aina zisizo epithelioidi. Kwa aina ya mzee tofauti na kemo ilikuwa ndogo, na bei yake itameza shamba na nyumba. Nisingeifukuzia.

Kuku_wa_Gairo
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Nyumba ya mzee wangu hapa Dodoma ni ya zamani, imeezekwa yale masheti ya kijivu ya asbesto. Niyang'oe?

Stesheni_Masta
Usiyaguse kama ni mazima. Hatari iko kwenye kuyavunja, kuyakata na kuyasugua kwa brashi. Yakichakaa tafuta wanaojua kuyatoa, yalowanishwe kwanza. Na asikudanganye mtu uyafanye jiko la kuchomea kuku.

Mama_Nkuhungu
Mimi nawaza mama yake. Nani alikuwa anafua ovaroli za mzee?

Sista_wa_Zamu
Swali zuri sana. Wapo wake wa mafundi waliougua kwa vumbi la nguo tu. Mama hahitaji kuogopa kulala chumba kimoja na mzee, ugonjwa hauambukizi. Ila akianza kuhema au kubanwa kifua asikae nyumbani akasema ni uzee, aende na aseme mumewe alifanya kazi gani.

Zabibu_Chungu
Mama ndiye alikuwa anafua. Yuko mzima, nimemwambia.

Jana tulikaa kikao. Nimewasomea majibu yenu, hasa ile ya Uingereza. Kaka kanyamaza, halafu akasema wakala ameshaomba kianzio. Nikamwambia amwombe barua ya daktari wa upasuaji wa huko, aliyeziona picha za mzee, aandike anatarajia nini. Wakala hajajibu simu tangu jana. Mzee amekubali Ocean Road kwa sharti moja: avune kwanza. Daktari anasema wiki mbili hizi haziharibu kitu mradi maji yatolewe kabla ya safari.

Daktari_Bila_Koti
Sharti la haki kabisa. Mkienda bebeni CD ya CT scan yenyewe, siyo ripoti tu, na mwulize maabara kama kile kipande cha kinyama walichohifadhi kinaweza kusafiri na mgonjwa. Wataalamu wa Dar wakitaka kukikagua upya, mtakuwa mmeokoa kuchomwa mara ya pili.

Mwana_wa_Bihawana
Pandeni SGR, basi litamtikisa kifua. Na kabla ya dripu ya kwanza ulizeni dirisha la bima dawa ipi wanailipia na ipi mtanunua, ili mjue kama ni ekari mbili, nusu ekari, au matenga tu ya zabibu.