Kujitolea Ujerumani kupitia weltwärts: nafasi zinalipiwa?

Nasra_Tanga
Habari zenu. Nina miaka 23, nafundisha chekechea hapa Tanga. Nataka kwenda Ujerumani kujitolea mwaka mmoja. Kuna kaka anadai milioni mbili na nusu "ya kushika nafasi", na mama ameshaanza kutafuta mteja wa kiwanja. Waliokwenda, utaratibu ndio huo?

Dada_Neema
Nasra mdogo wangu, mwambie mama asiuze! Weltwärts ni mpango wa Ujerumani wa vijana kujitolea, unagharamiwa na wizara ya maendeleo ya huko, nafasi haiuzwi. Unaomba kupitia shirika la hapa nyumbani lenye ubia na shirika la kule. Mimi nilipitia dayosisi yetu. Mwombe huyo kaka jina la shirika la Ujerumani analoshirikiana nalo, kisha litafute kwenye tovuti ya weltwärts, maana mashirika yanayotambuliwa yameorodheshwa humo. Akianza kuzungukazunguka, achana naye.

Umri ni 18 hadi 28, kwa hiyo huna shida. Nauli, bima, chakula na malazi vinalipwa, na unapewa posho ya matumizi. Mshahara hakuna, usiahidi mtu nyumbani kwamba utatuma hela.

Mimi niliwekwa chekechea. Kule mvua haizuii mtoto kucheza nje. Asubuhi za Novemba nilikuwa navalisha suruali za mpira, mabuti na glavu, nikimaliza wa mwisho, wa kwanza anataka kukojoa. Lakini kilichonigeuza kama mwalimu ni kingine. Huku tumezoea darasa zima liimbe pamoja. Kule mtoto anachagua mwenyewe acheze nini, nawe unakaa naye sakafuni. Nilipokimbilia kumfungia mtoto wa miaka minne zipu, mwalimu mwenzangu alinizuia: mwache ahangaike nayo. Alihangaika mpaka ikapanda, akaja kunionyesha. Nafundisha hivyo mpaka leo.

Mratibu_Iringa
Nakazia ya Dada Neema. Sisi tunaosaili vijana tunauliza kwanza: hapa kwenu umejitolea wapi? Anayekuja na hadithi ya kutafuta maisha Ulaya hafiki mbali. Pasipoti ianze kushughulikiwa sasa. Kijerumani pia, Goethe-Institut Dar wanafundisha na kutoa mitihani.

Nasra_Tanga
Asanteni sana, mama amepumua. Ila dada, mimi ni Muislamu. Hizo njia za dayosisi zitanifaa?

Dada_Neema
Mashirika yasiyo ya dini yapo, anza na hayo. Niliyekaa naye nyumba moja alikuwa Muislamu wa Unguja, akihudumia watu wenye ulemavu. Ramadhani ile iliangukia Juni, akawa anafuturu saa tatu na nusu usiku, nasi tukimsubiri mezani. Siku hizi inaangukia miezi ya baridi, jua linazama mapema. Waambie kituoni kabla mwezi haujaandama wakupangie zamu. Nitumie ujumbe nikuelekeze namna ya kuandika barua ya maombi.