Naomba ushauri: nataka kupunguza kodi kwenye programu yetu huria, nianzie wapi?

Mfyekaji_Ntinda (mwanzisha uzi)
Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Niko Kampala, natunza programu huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote) ya vikundi vya kuweka na kukopa: hisa, mikopo, faini, mgao wa mwisho wa mwaka. Ilianzishwa na wanafunzi wanne miaka saba iliyopita, na kila aliyepita ameongeza chake akaenda zake. Leo ina mistari 131,000 ya kodi, yaani msimbo unaoiendesha. Kuna maktaba tatu za kusoma tarehe. Ripoti ileile imeandikwa mara nne. Kuna sehemu nzima ya SMS za katochi, zile simu ndogo za tochi, iliyokuwepo kabla sijafika. Mtu mpya akija kujitolea, anachungulia siku mbili, harudi tena. Hata mimi kuna mafaili naogopa kuyafungua, kama chumba cha marehemu.

Tangu Mei nimeweka kihesabio kwenye seva. Mistari kama 48,000 haijaitwa hata mara moja. Swali langu ni dogo tu: nifyeke yote kwa mkupuo au kidogo kidogo? Usingizi sipati. Tafadhali msinielekeze kwenye kozi.

Roleksi_Mbili
Nimefungua uzi mbio nikidhani serikali imepunguza kodi. Ile ya mitandao ya shilingi 200 kwa siku iliondoka 2021, papo hapo ikaja asilimia 12 kwenye data, nikasema labda leo tumekumbukwa. Kumbe kodi yenyewe ni ya kompyuta. Haya, endeleeni, mimi nasubiri mayai ya roleksi yangu, ile chapati ya mayai, yaive.

Kapteni_Mstaafu
Kijana, usafi hauombewi ushauri. Jeshini kila mwisho wa mwezi tulitoa kila kitu nje ya ghala, kisicho na mwenyewe kilichomwa moto. Hakuna mjadala. Mwaka mmoja tulichoma maturubai yaliyokaa bila kutumika tangu tuhamie kambi ile. Ilikuwa kiangazi. Mvua zilipoanza tulilala wima wiki mbili, lakini hiyo ni habari nyingine. Choma.

Fundi_wa_Jinja
Afande, hiyo ndiyo habari yenyewe.

Mfyekaji, kufyeka si dhambi. Mwaka 2014, baada ya ile kasoro ya usalama ya Heartbleed, watu wa OpenBSD, mfumo huria wa kompyuta, walichukua OpenSSL, programu ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, wakaanza kuifyeka, na wiki ya kwanza tu mistari kama 90,000 ya lugha ya C ikaondoka, pamoja na vitu vya mifumo ya kale kama VMS. Lakini angalia: walifyeka nakala yao, wakaipa jina jipya, LibreSSL. Aliyetaka ile ya zamani aliikuta palepale. Watu wa lugha ya Python nao walikuwa na moduli 19, vipande vya msimbo vinavyokuja nayo, walizoziita betri zilizokufa. Walitangaza kwenye toleo la 3.11 mwaka 2022 kwamba zinaondoka, zikaondoka kweli kwenye 3.13 mwaka 2024. Miaka miwili ya kupiga kengele, kwa vitu ambavyo karibu kila mtu alikubali vimekufa.

Kwa hiyo mimi sikuulizi mkupuo au kidogo kidogo. Nakuuliza: hiyo sehemu ya SMS aliandika nani, na amesemaje?

Mfyekaji_Ntinda
Asante kaka Fundi. Aliyeandika ni dada mmoja tunayetunza naye hazina ya msimbo. Kwa sasa yuko likizo ya uzazi, sikutaka kumsumbua. Ila turudi kwenye swali langu: mkupuo, au kidogo kidogo?

Binti_Bombo
Hukutaka kumsumbua, au hukutaka akukatalie?

Nauliza kwa sababu yamenipata. Nilijifungua, nikarudi kazini baada ya siku 60, nikakuta meza yangu imekuwa ya mashine ya kunakili. Kabati langu lilikuwa na madaftari ya wateja ya miaka mitatu. "Tuliona hayatumiki." Kwa nini yangetumika wakati anayeyatumia yuko nyumbani anabadilisha nepi? Wiki ileile mteja akaja kudai risiti yake ya zamani, bosi akanigeukia mimi! Nisiendelee, presha inapanda. Mtoto sasa yuko darasa la pili na bado nakumbuka ile mashine ilivyokuwa ikinguruma.

Roleksi_Mbili
Dada, mashine ilinakili vizuri lakini?

Binti_Bombo
Ssebo, kula mayai yako.

Mfyekaji_Ntinda
Dada Bombo, pole sana, lakini mimi si bosi wako. Nilimtumia pongezi na picha ya maua. Kodi sikuitaja, ni kweli. Lakini jiwekeni kwenye nafasi yangu. Hazina yetu ni kama lile sanduku la vikundi: kufuli mbili, ufunguo mmoja kwangu, mmoja kwake. Mwenzangu hayupo miezi mitatu, sanduku lisifunguliwe? Na namba zipo. Mistari 48,000, miezi sita, sifuri. Sikuotea.

Fundi_wa_Jinja
Unasema "sikuotea" kama mtu aliyekwisha maliza. Umeshaunganisha ufyekaji wako kwenye tawi kuu, yaani msimbo rasmi?

Mfyekaji_Ntinda
Tuseme iko karibu.

Fundi_wa_Jinja
Karibu ni wapi?

Mfyekaji_Ntinda
Ijumaa usiku niliunganisha. Jumamosi toleo likatoka. Ninachoomba hapa ni kama niendelee na awamu ya pili au nisubiri. Na msipige kelele, git, inayotunza kila badiliko la msimbo, haisahau kitu. Mambo yakiharibika, amri moja tu, kila kitu kinarudi.

Kapteni_Mstaafu
Kwa hiyo ulishachoma. Safi.

Binti_Bombo
Banange! Mtu amekuja kuuliza kama aoe, kumbe harusi ilikuwa juzi.

Fundi_wa_Jinja
Git inakumbuka maandishi yako. Haikumbuki kilichokuwa ndani ya simu ya mtu. Kwenye hilo toleo kuna faili lolote la kuhamisha data? Linalogusa jedwali? Na yale majaribio ya kila siku, yanayokagua kama programu bado inafanya kazi, yalipita yote kabla hujaunganisha?

Mfyekaji_Ntinda
Majaribio niliyazima kwa muda kwa sababu 61 kati yake yalikuwa ya mambo niliyoyafuta. Yangepitaje?

Faili la kuhamisha lipo, moja. Linaondoa majedwali mawili, la mgao wa mtindo wa zamani na la faini za zamani. Yote mawili hayajasomwa tangu Mei. Simu ikisasisha, yanaondoka. Ndiyo maana ya kupunguza, au nimekosea? Kuacha jedwali lisilosomwa na msimbo wowote ni uchafu uleule.

Fundi_wa_Jinja
Kwa hiyo ukirudisha msimbo leo, utarudi kusoma majedwali ambayo hayapo. Hiyo siyo amri moja. Kwanza ondoa lile toleo lisipakuliwe tena, sasa hivi, kabla hujanijibu. Pili, tengeneza toleo la kati lisilofuta chochote: majedwali yabadilishwe jina tu yakae pembeni. Tatu, mpigie yule dada.

Na hicho kihesabio kinahesabu nini hasa? Simu isiyo na intaneti kinaihesabuje?

Mama_wa_Tororo
Habari zenu wanangu. Mimi kompyuta sijui, nimeletewa huu uzi na kijana wangu. Ni mweka hazina wa kikundi, mwaka wa tano sasa. Nina jambo moja. Sanduku la kikundi halina kufuli mbili. Lina tatu. Funguo tatu kwa watu watatu, na mweka hazina anayelala na sanduku nyumbani hapewi hata mmoja. Sijapata kuona la mbili. Huyu mtoto anasema ni mtaalamu wa vikundi?

Mchunguzi_wa_Malaba
NILIJUA. Tangu mwanzo nimenyamaza nahesabu. Akaunti ina siku tatu. Mistari 131,000 ya watu wa kujitolea, mwandishi mwenza kaenda kujifungua kwa wakati muafaka, "picha ya maua", siri zinatoka tone kwa tone kama tamthilia ya redio. Sasa sanduku lenyewe hajawahi kuliona. Huyu ni mtunzi, anatafuta wasomaji. Fundi, umempa mhadhara wa bure mtu ambaye hana hata kompyuta.

Roleksi_Mbili
Naweka roleksi mbili kwamba ni hadithi. Nani anaweka zake?

Kapteni_Mstaafu
Hata kama ni hadithi, ghala liwe safi.

Fundi_wa_Jinja
Kama ni hadithi, ameitunga mtu aliyewahi kuzima majaribio 61 usiku wa Ijumaa. Hilo halitungiki. Mimi nimewahi. Yangu yalikuwa 20.

Binti_Bombo
Mimi nataka kujua kama dada yupo kweli. Kama hayupo, nimeumwa presha bure.

Mfyekaji_Ntinda
Dada yupo. Programu ipo. Toleo nimeliondoa tangu Fundi aliposema, limekaa siku nne, limepakuliwa mara 212. Siweki kiungo hapa kwa sababu mtamiminika kwenye hazina kunitukana na yeye atapata arifa zote kwenye simu akiwa na mtoto kifuani.

Kuhusu kufuli, Mama amesema kweli. Sijawahi kukaa kwenye mkutano wa kikundi. Picha ya sanduku niliiona kwenye ripoti fulani, upande mmoja, zikionekana mbili. Miaka mitatu natunza hii programu nikiwa Ntinda. Watumiaji wangu nawajua kwa namba.

Fundi, kihesabio kinahesabu simu zinazofika kwenye seva. Isiyo na data haifiki. Nilidhani ni chache.

Mama_wa_Tororo
Sisi hatufiki huko. Kijana wa parokia alituwekea programu kwa Bluetooth, na vikundi vingine vitatu vya kwetu akaviwekea hivyohivyo. Data tunanunua mara moja kwa mwaka, siku ya mgao, ili wale walioko Kampala wapelekewe hesabu zao. Wenye katochi wanapata kwa SMS.

Umesema hesabu ya mgao haijaguswa tangu Mei. Mwanangu, Mei nani anagawana? Tunaweka tangu Januari. Tunagawana Desemba, watu wanunue nguo za Krismasi na kuanza kutafuta karo. Nani afungue hesabu ya mgao wakati wa palizi?

Fundi_wa_Jinja
Nimesoma hii mara mbili nikafunga kompyuta nikaenda kutembea.

Mchunguzi_wa_Malaba
Mama, samahani, nawe akaunti yako ni ya leo.

Mama_wa_Tororo
Nimezaliwa kabla ya hiyo akaunti yako pia.

Roleksi_Mbili
Nimepoteza roleksi mbili na sijui nimlipe nani.

Mfyekaji_Ntinda
Nimempigia dada. Hakunitukana, na hilo limeniuma zaidi. Aliniuliza tu, "Majaribio yalikuambia nini?" Nikakosa jibu. Sehemu ya SMS inarudi leo usiku, majedwali hayaguswi tena. Maktaba mbili za tarehe bado nasema ziondoke, na ripoti tatu pia, kwa hilo sitarudi nyuma, hata yeye amekubali. Zile simu 212 zilizosasisha naanza kuzitafuta kesho, moja moja.

Mama, tafadhali sana, simu ya kikundi isisasishwe na mtu yeyote. Ukifungua programu, chini kabisa kuna namba ya toleo. Naomba unisomee ni ngapi, na uniangalizie kama faini za mwaka huu zinaonekana.

Mama_wa_Tororo
Simu imo ndani ya sanduku. Mwenye ufunguo wa tatu amekwenda Mbale kwa msiba, anarudi Jumatano. Jumatano ndiyo mkutano.

Mfyekaji_Ntinda
Nikija mwenyewe mtanipokea? Mkutano ni saa ngapi?

Mama_wa_Tororo
Saa nane kamili, chini ya mwembe wa shule. Ukichelewa kuna faini, shilingi 500. Hiyo tutaiandika kwenye daftari.