Rafiki ana kindege anataka twende kupiga kambi milimani, sasa ameniuliza mke wangu ana kilo ngapi

Tumbojoto:
Wakuu habari za muda huu. Nina jamaa yangu wa siku nyingi ana leseni ya urubani na kindege cha injini moja siti 4, Cessna 172. Sasa kaja na wazo tuondoke Jumamosi, tuzunguke juu ya mabonde na maziwa tukishangaa shangaa, halafu tutue kwenye kakiwanja ka nyasi katikati ya milima, futi kama 5,000 toka usawa wa bahari, tulale kwenye hema usiku mmoja kesho yake turudi. Mimi nikasema poa, wife akasema poa, na mdogo wake naye akadandia, tukawa wanne siti zimejaa safi.

Jana usiku jamaa kanipigia anauliza nina kilo ngapi. Nikamwambia 86. Akauliza, na shemeji? Nikacheka nikajua utani, kumbe yupo siriasi kabisa, anataka kilo za kila mtu na za kila begi, tena tupime tukiwa na viatu na majaketi. Nikampelekea wife hilo swali. Wakuu, tangu hapo ndani kumekuwa kimya, naongeleshwa na friji tu.

Naomba kujuzwa, hii ni kawaida au kindege kina kasoro jamaa ananificha? Na kingine mimi ni mtu wa kutapika hata kwenye basi, huko juu itakuwaje? Na nibebe nini cha kempu? Nawasilisha.

Kiazi_Kitamu:
Unaulizwa kilo za mke wako kwa simu usiku 😂😂 mkuu wewe tatizo lako sio ndege

BawaMoja:
Mkuu huyo jamaa yako ni rubani mzuri, tena ungeogopa kama asingeuliza. Nakupa hesabu uone mwenyewe. Cessna 172 za miaka hii uzito wa mwisho wa kuruka ni kilo 1,157, ukitoa uzito wa ndege yenyewe unabaki na kama kilo 400 za kila kitu, yaani watu, mizigo na mafuta. Tenki zote 2 zikijaa ni kama lita 200, hizo ni kilo 144. Zimebaki kama 256. Sasa weka watu wanne wa kilo 75 kila mmoja, ni 300, umeshazidi kwa 44 na hujapakia hata mswaki. Siti 4 maana yake sio watu 4 popote pale, ni siti tu. Anaweza kupunguza mafuta ndio, ila milimani unataka akiba ya kutosha kugeuza na kurudi ukikuta wingu limeziba njia ya kupita kati ya milima.

Halafu kuna hewa. Kiwanja cha futi 5,000 kwa vipimo vya kawaida kinatakiwa kiwe na joto la nyuzi 5. Ikifika mchana ni nyuzi 25, hizo 20 zilizozidi kila moja unaipigia futi 120, kwa hiyo ndege inafanya kazi kana kwamba ipo futi 7,400. Injini isiyo na tabo (kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila futi 1,000, bawa nalo linashika hewa nyepesi, propela hivyo hivyo, vyote kwa pamoja. Nyasi ndefu au zenye umande ndio zinakushika magurudumu kabisa. Kutua utatua vizuri tu, ishu ni kuondoka, na hapo ndipo watu wengi wanapoumia.

Kwa hiyo asubuhi asubuhi. Saa 1, saa 2, mwisho saa 4 uwe umeshapita milima. Na mkiona wingu limekaa juu ya kilele kama sahani iliyofunikwa, halisogei wakati upepo unavuma, msilipige picha mkashangilia, hilo linakwambia upande wa pili wa mlima hewa inamwagika kama maji kwenye mawe. Upepo wa vileleni ukizidi noti 25 (kama kilomita 46 kwa saa) mimi naahirisha, simbembelezi mtu.

Kutapika: kaa siti ya mbele, angalia mbali kwenye upeo sio kwenye simu, usiende na njaa wala usishibe sana, na mfuko uwe mkononi sio kwenye begi nyuma. Asubuhi hewa inatulia kwa hiyo nalo litapungua.

MamaHema:
Nakazia ya BawaMoja kwa yaliyonikuta. Tulienda watatu, kila kitu kizuri, tukalala, asubuhi rubani anasema tuondoke saa 1 sisi tukaanza ooh ngoja tupige picha, ooh ngoja hema likauke tusilikunje na maji, mara kahawa, mara fulani kaenda mtoni. Tunamaliza kufunga saa 7 mchana. Rubani akatembea kiwanja chote kwa miguu hadi mwisho penye miti, akasimama pale anaangalia juu, akarudi akasema leo haturuki. Tulimnunia mno! Mmoja wetu Jumatatu alikuwa na kikao kazini. Tukalala usiku wa pili tumebakiwa na biskuti pakiti moja, na kesho yake saa 12 na nusu tulikuwa tumeshafunga mikanda bila kuambiwa. Ile miti tuliipita juu kwa mbali sana, ndio nikaelewa alikuwa anaangalia nini jana yake.

Vya kubeba: hema jepesi la watu wawili, godoro la kupuliza, na slipingi begi ya baridi kweli maana kila futi 1,000 unapopanda joto linashuka kama nyuzi 2, na usiku anga likiwa wazi bondeni ndio baridi inajaa. Acha viti vya kukunja, acha sufuria tatu. Mabegi yawe laini, yale magumu ya magurudumu hayapangiki kule nyuma na sehemu ya mizigo mwisho wake ni kilo 54. Kama huko kuna dubu na mna ile dawa ya pilipili ya kupuliza ya kumfukuzia, muulize rubani kwanza, ikifyatuka ndani ya kindege mnakuwa vipofu wote pamoja na yeye.

Tumbojoto:
Asanteni sana. Swali moja, hema naweza kuweka chini ya bawa? Nimeona picha za Idaho kule Marekani watu wanalala hivyo.

BawaMoja:
Wanalala hivyo na inapendeza, ila hakikisha ndege imefungwa kamba kwenye vigingi na magurudumu yamewekewa mawe, na usiwe kwenye njia ya propela wala karibu na jiko. Na umande wote wa bawa utakudondokea wewe.

Kitu watu hawasemi ni barafu. Unataka kuondoka mapema, sasa asubuhi unakuta bawa limeota utando mweupe kama limepakwa chumvi, na kwa utando huo huruki hata uwe mwembamba kama karatasi, unaharibu hewa inavyopita juu ya bawa. Usikwangue na kitu kigumu. Mimi nabeba mashuka mawili ya zamani nafunika mabawa usiku, asubuhi navuta shuka na barafu inatoka nayo. Halafu mwombe jamaa akuonyeshe anavyokagua mafuta, anachota kwenye kikombe cheupe cha plastiki, mafuta ni ya bluu, kama maji yameingia usiku utaona yamekaa chini kama shanga. Anamwaga, anachota tena mpaka shanga iishe.

Tumbojoto:
Mrejesho wakuu. Shemeji mdogo kaona hesabu ya BawaMoja kajitoa mwenyewe, kasema atasubiri picha. Wife asubuhi kapanda mzani na viatu, kanitumia namba kwenye simu bila salamu. Begi langu limetoka kilo 19 hadi 8. Shida ni moja, na mimi nimepima, sio 86, ni 93. Jamaa nilishamwambia 86.

BawaMoja:
Mpigie sasa hivi mkuu, kabla hajaweka mafuta.