Kwa nini madereva wengi hawawashi taa wakati wa magharibi?

Swali: Mkaazi wa Kiembeni

Assalaam aleikum. Nimeendesha gari hapa Mombasa kwa miaka 11, na bado kuna jambo moja linalonishinda kulielewa. Jua letu hutua baina ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo mwaka mzima, na likishatua, giza huingia kwa muda wa dakika 20 hivi tu. Dakika hizo ndizo ambazo barabara ya Mtwapa hujaa watu wanaotoka kazini, na ndizo ambazo naona magari mengi yakipita bila taa hata moja.

Wiki iliyopita nilikuwa Bombolulu nikisubiri kuingia barabara kuu. Nilitazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, nikaona pengo, nikaanza kutoa gari. Honi niliisikia kabla sijaliona gari lenyewe. Lilikuwa la kijivu, rangi ile ile ya lami na ya mbingu ya saa hiyo, na lilinipita karibu mno hata kioo changu cha pembeni kikakunjika. Mwanangu wa miaka sita alikuwa ameketi nyuma. Dereva alisimama mbele kidogo, akashuka, akaniambia bila ubishi wowote: "Dada, mbona kungali na mwanga? Mimi naona vizuri."

Naomba wenye ujuzi wanieleze: haya ni mazoea tu, au kuna sababu nyingine nisiyoijua?

Jibu: Dereva wa matatu, Kisauni

Waaleikum salaam. Pole sana dada yangu, na tumshukuru Mungu kwamba mtoto yuko salama.

Dereva yule hakukudanganya. Alikuwa akiona vizuri, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Taa za magharibi hazikuwekwa ili zikuangazie njia, bali ili mwenzako akuone wewe. Mtu aliye ndani ya gari hupima mwanga kwa macho yake mwenyewe, ambayo yamekuwa yakizoea giza kidogo kidogo, wala hafikirii kwamba yule anayetazama kwenye kioo chenye vumbi, au mama anayevuka huku taa za duka zikimpiga machoni, haoni kama yeye. Hata kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo cha mjini, gari hukata takriban mita 14 kila sekunde. Ukichelewa kuonekana kwa sekunde mbili, umekwisha kufika.

Wengi wetu tuliojifunza kazi kwa madereva wakubwa tuliambiwa kwamba taa humaliza betri, na maneno hayo bado yanaendelea kurithishwa. Aidha, nawasihi ndugu zangu kuhusu mwezi wa Ramadhani: dakika za mwisho kabla ya adhana kila mtu anakimbilia futari, ana njaa na amechoka, na barabara ndiyo hiyo hiyo inayoingia giza.

Jibu: Fundi wa umeme wa magari, Majengo

Naunga mkono aliyonena kaka hapo juu, na hilo la betri nilifafanue: injini ikiwa inanguruma, altaneta ndiyo inayolisha taa na kuijaza betri kwa wakati mmoja. Betri hufa pale unapozima injini ukasahau taa zinawaka.

Kuna sababu nyingine ambayo naiona karakana karibu kila siku. Magari mengi ya siku hizi yana taa ndogo za mchana, ambazo huwaka zenyewe kwa mbele pindi injini inapowashwa. Deshibodi nayo huangaza muda wote. Dereva anaona mwanga mbele yake na namba zinameremeta, anaamini taa zake zinawaka, kumbe nyuma gari liko giza tupu kwa sababu taa hizo za mchana mara nyingi haziwashi taa za nyuma. Nimewahi kumtoa mteja nje, nikamzungusha nyuma ya gari lake mwenyewe ndipo akasadiki.

Hewa yetu ya chumvi pia haina huruma. Hula soketi na nyaya za taa za nyuma, na jua hufanya plastiki ya taa za mbele kuwa ya manjano hadi mwanga ukapungua sana. Wapo wanaotibu tatizo hilo kwa kutia balbu kali zaidi bila kupangiwa upya mwelekeo wa taa, na hao huwapofusha wanaokuja mbele.

Jibu: Mwenda kwa miguu, Likoni

Mimi sina gari, lakini nimesoma kwa makini kwa sababu sisi ndio tunaogongwa. Wanawake wengi tunarudi nyumbani saa hizo tukiwa ndani ya buibui jeusi, na watoto wanatoka madrasa wakiwa wamefuatana kando ya barabara isiyo na njia ya miguu. Mimi sasa hujitanda leso nyeupe juu ya buibui, na hutembea upande wa kulia ili magari ya upande huo yanijie usoni. Hata hivyo, leso haiwezi kunisaidia mbele ya dereva ninayeshindwa kumwona anakuja. Na wasukuma mikokoteni tuwakumbuke pia. Kipande cha rifleta, kile kinachong'aa kikipigwa na taa, nyuma ya mkokoteni ni kitu kidogo mno kulinganisha na maisha ya mtu.

Mkaazi wa Kiembeni

Nawashukuru nyote kwa dhati. Baada ya kusoma maneno ya fundi, jana jioni niliegesha gari kinyumenyume mbele ya kioo cha duka moja, nikawasha taa, nikamwambia mwanangu ashuke nami tutazame pamoja. Ya kulia iliwaka. Ya kushoto ilikuwa imekufa, na sijui kwa muda gani. Leo asubuhi nimeipeleka kwa fundi. Soketi yote ilikuwa imeota kutu ya kijani.