Mzee kalazwa na virusi vya mafua, mbona wameanza antibayotiki halafu wamesimamisha?

Dada_wa_Pili
Wakuu habari za jioni, naomba msaada wa mawazo hasa nyie mlioko kada ya afya. Baba yetu ana miaka 68 na kisukari cha muda mrefu, alianza na mafua ya kawaida tu, homa, mwili kuuma, tukadhani malaria tukapima hamna, baadae akaanza kubanwa kifua ndo tukamkimbiza hospitali. Kipimo cha puani kikatoka influenza A, yaani virusi. Sawa. Sasa hapo hapo wakamuanzishia sindano za antibayotiki, nikamuuliza daktari wa zamu si mmesema ni virusi? Akasema tunamlinda na bakteria wanaopita nyuma ya virusi, tumetoa damu na makohozi yanaenda kuoteshwa maabara kuona kama kuna bakteria. Nikanyamaza. Leo kapita daktari mwingine raundi kasoma majibu kasema hakuna kilichoota, sindano zisimame, abaki na oksijeni na dawa ya virusi. Huku nyumbani moto umewaka, shangazi anasema wanataka kumuua mzee hajamaliza dozi, kaka anataka tukanunue famasi tumpe kimya kimya akilala pale wodini. Kweli bakteria wanaweza kuingia juu ya virusi? Na kukatisha dawa si ndo wanasema inaleta usugu? Mzee anaendelea vizuri kiasi, jana kanywa uji wote, ila oksijeni bado.

NesiWaZamu
Pole sana dada, Mungu amsimamie mzee. Kwanza mwambie kaka asithubutu kumpa chochote bila wodi kujua, na hasa mzee ni wa kisukari, kuna antibayotiki kama sipro na levo zinaweza kushusha sukari ghafla kama yuko kwenye vidonge vya sukari, mtamkuta asubuhi kalegea jasho linamtoka na sisi hatujui kapewa nini.

Kuhusu swali lako, ndio wanaingia. Njia ya hewa ina vinyweleo vidogo vinavyofagia uchafu kupandisha juu, virusi vya influenza vinaharibu ule utando wote, vinyweleo vinakufa, makamasi yanatuama. Na virusi hivi vina kimeng'enya kinachokata sukari zilizofunika seli, zikishaondoka bakteria wanapata pa kujishikiza. Tena sio bakteria wa kutoka mbali, nimokokasi na stafilokokasi wengi tunatembea nao puani hatuumwi chochote. Kinga nayo imeelekezwa kupigana na virusi, zile seli za kumeza bakteria zinafanya kazi chini ya kiwango kwa siku kadhaa.

Nikwambie cha kuangalia ukiwa pembeni ya kitanda. Mgonjwa wa mafua anapata nafuu, homa inashuka, anaomba chakula, ndugu wanaanza kuulizia ruhusa, halafu ghafla homa inapanda tena na baridi kali, kichomi upande mmoja, makohozi yanabadilika yanakuwa ya kutu au usaha. Mara nyingi ni mwishoni mwa wiki ya kwanza au ya pili. Ukiona hivyo usisubiri raundi ya asubuhi, ita nesi saa hiyo hiyo hata kama ni saa nane usiku. Na kitanda kiinuliwe upande wa kichwa, mzee asinyweshwe uji akiwa amelala chali, kupaliwa ni njia nyingine ya bakteria kushuka mapafuni.

Mwanahistoria_Tanga
Mimi sio wa afya ila hili nimelisoma sana. Ile homa ya 1918 iliyoua mamilioni dunia nzima na huku kwetu ikapita wakati vita vya Wajerumani na Waingereza vinaisha, watafiti wa Marekani walikuja kuchunguza vipande vya mapafu vya marehemu wa wakati ule vilivyokuwa vimehifadhiwa, wakatoa ripoti 2008, wengi wao nimonia ya bakteria ndo iliwamalizia. Na madaktari wa enzi hizo hata kirusi chenyewe hawakukijua, kilipatikana kwa binadamu 1933, kabla ya hapo waliamini bakteria aliyeonwa na Pfeiffer ndo anasababisha mafua, ndo maana mpaka leo anaitwa Haemophilus influenzae. Hawakuwa na penisilini. Sasa sisi dawa tunazo halafu tunazikatisha siku ya tatu? Mimi namuunga mkono shangazi.

Fundi_wa_Maabara
Mkuu wa Tanga historia yako iko sawa ila hitimisho sikubaliani nalo. Wale wa 1918 unaowasema bakteria walikuwemo kweli, huyu mzee ameoteshwa na hakuna kilichoota.

Dada swali la msingi na naomba ulijibu, damu ilitolewa KABLA ya sindano ya kwanza au baada? Hapa ndo kila kitu kinasimama. Damu ikichukuliwa dawa ishaingia mwilini bakteria wanagoma kuota, sisi tunaandika hakuna ukuaji, daktari anaamini, kumbe walikuwepo. Inaniuma sana hii maana chupa zinakuja fomu haijaandikwa muda wala dawa aliyopewa. Inatakiwa ngozi isafishwe vizuri, chupa mbili zijazwe damu ya kutosha, ndo dawa ianze. Mgonjwa akiwa mahututi dawa haisubiri, ila kutoa damu ni dakika chache tu. Wengi wanaoota wanaota ndani ya saa 48, tunaendelea kuwaangalia mpaka siku ya tano.

Makohozi nayo yana shida yake, watu wanatuletea mate. Kabla ya kuotesha tunaangalia kwenye hadubini, tukikuta seli bapa za mdomoni zimejaa na seli za usaha chache ile sampuli haina maana, ukiiotesha utapata bakteria wa mdomoni mgonjwa apigwe dawa asizohitaji. Asubuhi asukutue kwa maji, akohoe kutoka chini kabisa kifuani.

MamaWawili_
Mwanangu alilazwa na RSV, kirusi cha kifua kinachosumbua watoto wachanga, akiwa na miezi minne, nililia nikiomba apewe sindano ya antibayotiki maana mtoto wa kitanda cha pili anapewa. Daktari akanikalisha chini akanionyesha kifua kinavyobonyea, akasema huyu anahitaji oksijeni na maziwa kwa mpira, tunamwangalia kila saa, ikibadilika tutaanza. Haikubadilika akapona. Mtoto wa pili kumbe alikuwa na nimonia ya bakteria kweli. Usilinganishe wagonjwa dada angu.

Dkt_Kifua
Nimechelewa nilikuwa kliniki. Niongezee kidogo kwenye waliyosema nesi na fundi maabara.

Virusi havifanani. Kwa influenza waliolazwa, tafiti nyingi zimekuta wenye bakteria juu yake ni kati ya 11% na 35%, ni wengi, kwa hiyo daktari wa kwanza kuanza dawa kwa mzee wa miaka 68 mwenye kisukari anayehitaji oksijeni alifanya sawa kabisa. Kwa Uviko ilikuwa tofauti, WHO walitoa takwimu 2024, waliolazwa wenye bakteria wa kuhitaji dawa walikuwa 8% tu lakini watatu kati ya wanne walipewa antibayotiki, eti tahadhari. Tunailipa sasa hivi huko ICU, bakteria kama Klebsiella na Acinetobacter wasiosikia karibu dawa yoyote, na hao ndo wanaompata mgonjwa wa virusi akikaa siku nyingi kwenye mashine ya kupumulia.

Sasa dozi. Maliza dozi inamhusu mtu ambaye ana bakteria. Kama hana, hakuna dozi ya kumaliza, kila siku unayoongeza unaua bakteria wema wa tumboni na kuwaacha wale sugu wazaliane peke yao, na wazee wanaishia kuharisha vibaya. Ila daktari wa pili hakuangalia damu peke yake naamini, maana wagonjwa wengi wa nimonia damu yao haioti chochote hata kama bakteria yupo mapafuni. Anatazama na picha ya kifua, homa, CRP (kipimo cha damu kinachoonyesha mwili unapambana kiasi gani) inashuka au inapanda, oksijeni anayotumia inapungua au la. Vyote vikielekea pazuri na damu ikawa safi, kusimamisha ni uamuzi mzuri. Muulizeni hivyo hivyo mmeangalia nini na nini, ana wajibu wa kuwaeleza.

Na TB je? Kisukari na kifua, makohozi yapimwe GeneXpert, kile kipimo cha TB, kama bado.

Dada_wa_Pili
Asanteni sana jamani. Fundi, damu ilitolewa kabla, nilikuwepo, nesi alijaza chupa mbili mkono mmoja mmoja ndo sindano ikafuata. Picha wamepiga mara mbili daktari anasema ya pili nzuri zaidi, na oksijeni wameshusha kutoka lita 6 mpaka 3. GeneXpert sijui nitauliza kesho. Kaka nimemsomea hapa kuhusu sukari kushuka, amerudisha vidonge alivyokuwa ameshanunua. Shangazi bado kanuna. Halafu hii chanjo ya nimonia wanayochomwa watoto kliniki, mzee anaweza kupata?

Dkt_Kifua
Ipo ya watu wazima ila mara nyingi ni ya kulipia, na si kila hospitali wanayo, ulizia akishapona kabisa, pamoja na ya mafua ya kila mwaka. Zinafanya kazi hata dhidi ya hili tunaloongea, kuna jaribio lilifanyika Soweto, Afrika Kusini, likachapishwa 2004, watoto waliopata chanjo ya nimokokasi nimonia zenye virusi ndani yake za kulazwa hospitali zilipungua kwa 31%. Chanjo ya bakteria imepunguza nimonia ya virusi, maana yake bakteria alikuwemo mle ndani kimya kimya. Lita 3 ni habari njema. Kesho wakipita raundi uliza wanapanga lini kumjaribu bila oksijeni, na usiku wa leo mtu mmoja akae karibu naye anayejua zile dalili alizoandika NesiWaZamu.